Mwenye Ng'ombe Ana Mdomo

Walipokuwa saba walitosha jikoni kwa Bernadina. Walikaa kuzunguka mafiga, wakala ugali wake, wakanywa maziwa ya mgando kwa kupokezana kibuyu kimoja, na walipoondoka kila mmoja alisema asante. Bernadina aliwapenda. Nani asingewapenda? Mwaka ule wezi wa mifugo walikuwa wakipanda kutoka bondeni mchana kweupe, na polisi walipoitwa walifika siku ya tisa, wakauliza kama kijiji kina petroli. Wanaume saba wa Endamasi, wenye pinde na filimbi moja, walikwenda siku mbili wakarudi na ng'ombe kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa fahali wa Bernadina. Siku ile mama wa watu alilia mbele ya kadamnasi wala hakuona haya.

Kwa hiyo asije mtu akatudanganya kwamba jambo hili lililetwa na shetani kutoka mbali. Lilipikwa hapo hapo, juu ya mafiga matatu, na mpishi tunamjua.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa themanini na nne, mvua ilipogoma, hawakutosha tena hata katika uwanja wa shule. Vijiji vitano vilikuwa vimejiunga, kimoja kwa hiari na vinne baada ya kutembelewa. Kila nyumba ilitoa mwanamume, au debe la mahindi, au udhuru, na waliotoa udhuru walichapwa. Kiongozi wao, Josephati, ambaye alipigana vita ya Uganda na kurudi na koti la jeshi na kikohozi, hakuitika tena akiitwa Baba Yohani. Alitaka aitwe Kamanda. Wapo waliolicheka jina hilo mwanzoni, na waliacha kucheka mmoja mmoja.

Ndipo ikatoka amri ya kuhakiki ng'ombe.


Walikusanyika joshoni asubuhi. Josho lenyewe la kuogeshea mifugo lilikuwa kavu, dawa haikuonekana tangu mwaka juzi, lakini ukuta wake ulifaa kuegemea na Kamanda alikuwa amewekewa kiti kilichotolewa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kila mfugaji alipitisha mifugo yake na kusema asili ya kila mnyama: huyu alizaliwa kwangu, huyu nilimnunua mnadani, huyu wa mahari ya binti yangu. Muulizaji alikuwa Tluway, kijana wa nyumba ya pili kutoka kwa Bernadina, aliyekuwa akija kumpalilia shamba kwa ujira wa mahindi. Sasa alikuwa na filimbi shingoni, na alimwita kila mtu "wewe."

Wilibrodi, mume wa Bernadina, alifika na ng'ombe tisa. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mtu ambaye ukimsalimia leo unaweza kupata jibu kesho. Wanane walipita salama. Wa tisa alikuwa mtamba mweupe mwenye madoa meusi, na sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa alama ambayo hapo kijijini hakuna aliyeijua.

"Na huyu?" Tluway aliuliza, akimgonga mtamba kwa fimbo.

"Wa nyumbani."

"Amezaliwa kwako?"

"Ni wa nyumbani," Wilibrodi alirudia.

Kwa Wairaqw wa upande ule, neno hilo lilikuwa limetosha tangu enzi za mababu. Mtu mwenye akili haweki mali yake yote katika zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki huku, mwingine kule, ili ugonjwa ukija usiwakute wote, wala mwizi, wala jicho la ndugu. Anayemfuga hukamua maziwa na kufunga kinywa. Hata mke wake haambiwi. Kumwuliza mtu ng'ombe wa nyumbani ni wa nani kulikuwa sawa na kufunua chungu cha watu kabla hujakaribishwa.

Tluway alifunua. "Neno hilo siku hizi halipo. Kila ng'ombe ana jina la mwenyewe. Asiye na mwenyewe ni wa wizi."

Wilibrodi hakumtazama. Alitazama watu waliojipanga ukutani, wote kwa jumla. "Mwenyewe yupo," alisema. "Mwenye ng'ombe ana mdomo. Atasema."

Watu wakasubiri. Ng'ombe walikojoa, mbwa alipita, hakuna aliyesema. Mwishowe Josephati alikohoa, akapangusa midomo na kutamka kwa upole: "Sheria ni moja kwa wote. Apewe siku tatu alete jina."

Walimkalisha Wilibrodi chini, kwenye samadi, mpaka uhakiki ulipokwisha. Vijana aliowabeba wakiwa wachanga walimruka miguu wakipita. Bernadina alisimama upande wa wanawake, uso ukimwaka kwa aibu. Lakini chini ya aibu hiyo palikuwa na kitu kingine, na tusimfichie: alijiuliza, na kama ni kweli?


"Ni wa nani?" alimwuliza mumewe walipofika nyumbani.

"Mpe majani. Hajala tangu asubuhi."

"Baba Lusia, nimekuuliza."

"Na mimi nimekusikia." Wilibrodi alikaa juu ya kigoda na kuanza kubandua samadi kwenye suruali kwa kijiti. "Niliyepewa nimtunze, nilipewa na kinywa changu kikiwa kimefungwa. Nikikufungulia wewe leo, kesho nani ataniamini hata na kuku?"

"Watakuua."

"Kwa ng'ombe mmoja? Hawa niliokula nao?"

"Yule mtu wa bondeni waliyemuua uwanjani, walikula naye vile vile. Mkewe alirudishiwa viatu."

Wilibrodi hakujibu. Zamani Bernadina alijisifia ukimya huo mbele ya wanawake wenzake: mume wangu hana maneno. Sasa ulianza kunuka. Alikumbuka siku mtamba alipoletwa. Yeye alikuwa kwenye sala ya jumuiya, akarudi akamkuta amefungwa kambani, na alipouliza akaambiwa mpe majani, kama leo. Akamkumbuka pia Lembris, Mmasai wa Endulen, aliyeshuka kila mwezi kupitia msitu wa Oldeani na mbuzi wawili watatu, akarudi na mahindi juu ya punda, kwa kuwa huko kwao ndani ya hifadhi kulima kulikuwa kumekatazwa. Alikuwa na adabu zake. Alimwita Bernadina "yeyo," yaani mama, na hakunywa chai mpaka amwulize hali ya kila mtoto. Lakini kwa nini yeye na Wilibrodi walikuwa wakiongea nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini? Bernadina alikuwa amedhani wanapatana bei. Sasa kila jambo lilikuwa na uso wa pili.

Kisimani wanawake walikuwa wamedhani yao pia. Alipotua ndoo yake, jirani alivuta ya kwake pembeni. Aliporudi alipitia kwa Mama Tluway kuomba kaa la moto, kama walivyofanya kwa miaka ishirini.

"Moto wetu leo umezimika, Mama Lusia," alijibiwa kutoka ndani. Moshi ulikuwa unafuka katika paa.


Siku ya nne walikuja kumchukua. Hawakumfunga kamba; walimwambia tu "twende," naye akaenda. Aliyemfungia katika ghala la ushirika alikuwa kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe kushika jembe la kukokotwa.

Bernadina alikwenda kwa katibu kata. Alimkuta amekaa chini ya picha za viongozi, amefunga mlango.

"Mama, hilo ni jambo la ulinzi wa jadi," katibu alisema. "Serikali inaunga mkono ulinzi wa jadi."

"Wamemfungia mtu ghalani bila kosa."

Katibu alichungulia dirishani kabla ya kujibu. "Mimi mwenyewe nimetoa madebe mawili, Mama Lusia. Nielewe."

Siku iliyofuata walifika polisi wawili na gari. Walisema wamekuja kumchukua mtuhumiwa kwa utaratibu. Watu kama mia moja wenye pinde wakasimama kuzunguka gari, hawakutukana, hawakurusha hata jiwe. Walisimama tu. Polisi walisema utaratibu unaweza kusubiri, wakapewa jogoo, wakaondoka naye. Ile ndiyo siku, ukiniuliza mimi, walinzi walipojua kuwa wao si walinzi tena. Jioni yake kijiji cha sita kilituma watu bila kutembelewa.

Bernadina alipopeleka chakula ghalani, Tluway aliupasua ugali kwa mkono ambao haukunawa.

"Natafuta kisu," alisema.

"Umekula ugali wangu tangu hujaota ndevu. Uliwahi kukuta kisu?"

Tluway alitia tonge kinywani, akatafuna akimtazama. Kupitia mlango Bernadina aliona miguu ya mumewe tu. Ilikuwa imevimba na nyayo zilikuwa na mistari ya damu.

Akaenda kwa Josephati.


Alimkuta katika ofisi ya shule, ambayo sasa ilikuwa yake. Josephati alimpa kiti na kumtilia chai yenye sukari. Sukari! Duka la kijiji halikuwa limeiona tangu Pasaka. Bernadina alikunywa, na aliona haya kwamba ilikuwa tamu.

"Baba Yohani, nitolee mume wangu."

Josephati aliliacha jina hilo lipite. "Si mimi ninayemshika, Mama Lusia. Ni watu. Ungesikia wanavyosema, wanataka kumtoa uwanjani Jumamosi. Mimi ndiye ninayewatuliza."

Kutolewa uwanjani kulikuwa na maana moja tu. Bernadina aliweka kikombe chini. "Wanataka nini?"

"Jina. Mwizi akipatikana, mtunzaji ni mtu aliyedanganywa tu. Atarudi kwako siku hiyo hiyo."

"Silijui jina. Naapa."

"Hulijui, au hujalitafuta?" Josephati alikohoa kwenye leso. "Sikio lile alama yake si ya kwetu. Nani anakuja kwenu ambaye si wa kwetu? Anakuja na mifugo, anaondoka na mahindi?"

"Lembris?"

"Mimi sijasema," Josephati alijibu. "Wewe ndiye umesema."

Njiani kurudi nyumbani Bernadina alifanya hesabu ya mwanamke aliyebanwa ukutani. Endulen ni mbali. Kuna mlima katikati, kuna msitu, kuna nyati. Lembris ana rika lake na mikuki yao. Nani atamfuata huko kwa ajili ya mtamba? Akishuka tena mwezi ujao, yeye atamwahi kijitoni na kumwambia arudi, asionekane hapa mwaka mzima. Naye Wilibrodi atakuwa hai. Jina ni neno tu. Na huenda, alijiambia tena na tena, huenda ndiyo kweli yenyewe.

Jumamosi alisimama mbele ya watu na kusema: "Ni wa Lembris wa Endulen. Aliletwa na Lembris."

Alikuwa amejiandaa kwa maswali. Aliletwa lini? Nani mwingine alimwona? Alikuwa ametunga hata majibu. Hakuna aliyeuliza. Uwanja mzima ulivuma, na katika mvumo ule Bernadina alisikia kitu kilichomtisha kuliko hasira: walifurahi. Kwa miezi walikuwa wamechapana wenyewe kwa wenyewe, jirani akimhakiki jirani, na walikuwa wamechoka. Sasa wamepewa adui anayekaa mbali, mwenye ng'ombe wengi.


Wilibrodi alirudi akijikongoja. Bernadina alimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi mpaka maji yalipopoa.

"Walisema umewapa jina."

"Nilikuwa nifanye nini? Nikuletee sanda?"

"Jina gani?"

Alipomtajia, Wilibrodi aliitoa miguu katika beseni. Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

"Lembris hana hata kwato moja katika zizi hili. Alikuwa akiniuliza habari ya kumleta mtoto wake asome Karatu, alale hapa. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyasema huko nyuma. Aliogopa wazee wake wasijue."

Bernadina aliketi chini. "Basi ni wa nani?"

Wilibrodi alifungua kinywa. Bernadina angeapa mbele ya msalaba kwamba safari hii mumewe alikuwa anataka kusema. Halafu akatikisa kichwa.

"Mwenyewe alikuwapo joshoni. Alinisikia kwa masikio yake. Bado ana mdomo."

Alivaa viatu vyake vya matairi, akachukua fimbo na shuka. Jua lilikuwa bado juu.

"Unakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Endulen. Walinzi wataondoka kesho kumfuata Lembris, na watapita njia ya magari. Mimi nitapita msituni."

"Wakikuona?"

"Wataniona nakwenda kwa rafiki yangu." Akasita mlangoni, akatazama mfuko wa mahindi, kisha mkewe. "Ningekuwa wewe huenda ningefanya hivyo hivyo," alisema. Hayo ndiyo maneno ya upendo mwingi kuliko yote aliyowahi kumwambia katika miaka ishirini na mitatu.

Aliondoka. Bernadina alibaki akiwapitisha kichwani watu wote waliokuwa joshoni, uso kwa uso. Walikuwa kijiji kizima.


Walirudi siku ya tatu. Kwanza vilisikika vigelegele huko barabarani, kisha ng'ombe wakaonekana, wengi, wekundu kwa vumbi, halafu wanaume. Mbele ya wanaume walitangulia wawili wenye bunduki, na hakuna aliyeuliza bunduki hizo zimetoka wapi. Nyuma kabisa zilikuja machela tano za miti. Katika moja alilala Tluway, mkuki umempasua kifua. Katika nyingine alilala Wilibrodi.

Huko Endulen, watu walinong'onezana, walioanguka ni zaidi, na katika walioanguka wapo waliokuwa wamelala wagonjwa ndani. Lembris alikuwa wa kwanza. Alitoka bomani mwake, Wilibrodi akiwa bado hajamfikia, amenyoosha mkono wa salamu, kwa sababu aliziona sura anazozijua.

Josephati alisimama juu ya ukuta wa josho. "Ndugu yetu Wilibrodi alijisafisha na lawama yote," alisema. "Alitutangulia kuonyesha njia, nao Wamasai wakamchoma mkuki. Amekufa shujaa."

Bernadina aliosha maiti ya mumewe yeye na mwanamke mmoja mzee. Kidonda kilikuwa mgongoni, katikati ya mabega. Kidogo, cha kuingia ncha ya kidole. Yule mzee alikitazama, akamtazama Bernadina, kisha akakifunika kwa kitambaa haraka haraka. Mkuki wa Mmasai hauachi tundu la kidole. Wala Mmasai hakuwa nyuma ya Wilibrodi; walikuwa mbele yake.


Nyumba ambayo mwanamume wake ameuawa kwa chuma huingia katika metimani. Mwaka mzima watu wake hawaingii kwa wengine, hakuna anayewagusa wala kunywea chombo chao, na ng'ombe wao huchungwa peke yao, kwa kuwa kifo kile bado kimewaganda. Hakuna anayecheza na metimani, awe Mkatoliki wa kupokea kila Jumapili au mlevi. Ndiyo maana kabla ya udongo wa kwanza kuingia kaburini, mzee husimama na kuuliza mara tatu: nani ana mnyama katika zizi hili? Asiyesema wakati huo, mnyama wake amefungwa humo mwaka mzima pamoja na mikosi.

Mzee aliuliza. Jirani mmoja alitaja mbuzi wake, mwingine ng'ombe mzee. Basi.

Watu walipoanza kushuka kuelekea kaburini, Josephati alizunguka nyuma ya nyumba, Bernadina alipokuwa amekaa.

"Pole, Mama Lusia. Pole sana." Alisimama hatua tatu mbali. "Yule mtamba, namtuma mtu amtoe sasa, kabla ya udongo."

"Mchukueni. Si mlisema ni wa wizi?"

"Simwachi aingie metimani. Ana mimba, ndama naye atakuwa wa mikosi."

Bernadina aliinua kichwa. Mimba ile ilikuwa changa mno kuonekana. Wilibrodi ndiye aliyeijua, na alimwambia mkewe jioni moja wakiwa wawili tu.

"Nani alikuambia ana mimba?"

Josephati alikohoa, na safari hii hakuwa na haraka ya kumaliza. "Marehemu aliniambia. Anayefuga humpa habari mwenyewe. Ndiyo desturi."

Kuku walichakura kati yao. Bernadina alisikia mwenyewe sauti yake, nyembamba. "Wewe."

"Katika wale kumi na wanne wa kwanza, mmoja hakupata wa kumdai. Nilikuwa nimetembea siku mbili bila kula, Mama Lusia. Kwani sikustahili?"

"Alisimama mbele yako. Akakaa kwenye samadi. Neno moja tu, Baba Yohani!"

"Ningelisema neno hilo, jioni ile kila mtu angerudi kwake na upinde wake, akisema hata Josephati ni mwizi. Na wezi wa kweli wangepanda wiki ile ile. Umesahau fahali wako?" Alisema hivyo bila ukali, na ubaya ni kwamba alikuwa anaamini. "Mtu mmoja, au vijiji sita."

"Na mshale?"

"Vitani mishale haina macho." Alifunga kifungo cha koti. "Najua unachowaza. Lakini ukilitaja langu, utalitaja na lako. Jina lilitoka kinywani mwako, mbele ya watu wote."

Bernadina aliinuka na kushuka kuelekea kaburini.

Watu walikuwa wengi, nusu yao Bernadina hakuwajua, wametoka vijiji vya mbali na pinde mpya. Alisimama ukingoni, kanga imemwanguka begani, na akasema yote. Alisema mtamba ni wa Josephati. Alisema Lembris hakuiba kitu, na kwamba yeye, Bernadina, alisema uongo ili mumewe asiuawe, na mumewe ameuawa, tena kwa mshale wa huku kwetu. Hakulia. Sauti ilimtoka kavu kama mahindi yanayopukuchuliwa.

Josephati hakukana. Alisimama amefumbata mikono nyuma, akiwatazama watu, akiwaachia wao wachague.

Mama Tluway ndiye aliyejibu, kutoka pembeni alikosimama peke yake, kwa kuwa naye sasa alikuwa wa metimani. Udongo wa kaburi la mwanawe ulikuwa bado kwenye magoti yake.

"Nyamaza," alisema. "Mwanangu amekufa akimfuata mwizi. Nimemzika hivyo. Unataka nimfukue nimzike tena kwamba alikufa kwa ajili ya ulimi wako?"

"Mama Tluway, dada yangu..."

"Wale wamemuua mwanangu! Kweli au uongo, si wamemuua?" Akageuka kwa wanaume. "Nyinyi mnasubiri nini? Mnasubiri waje hapa?"

Mwanamume mmoja mgeni akaitikia kwamba ni kweli, watakuja, lazima watakuja, na afadhali kuwawahi. Mwingine akasema vijiji vya chini vina watu hamsini tayari. Udongo ukaanza kumwagwa. Josephati hakuhitaji kusema hata neno moja, na hata mtamba hakumtoa tena.


Asubuhi ya pili Bernadina alimwachia binti yake Lusia funguo za ghala, akajifunga kanga mbili na kushika njia ya msituni. Huko Endulen kulikuwa na mjane mwenzake, Naipanoi, mke wa Lembris. Huyo angalau alikuwa na haja ya kuujua ukweli. Huenda angeusikia, huenda angewaita vijana wao wenye mikuki. Bernadina alikuwa ameyafikiria yote mawili na akaona kwamba njia ni ile ile.

Mwisho wa mashamba alikuta gogo limelazwa juu ya nguzo mbili, limezuia njia. Walinzi wawili walisimama. Hakuwajua, walikuwa wa kijiji cha sita.

"Kibali, mama," alisema mmoja.

"Kibali cha nani?"

"Cha Kamanda. Hakuna anayetoka bila kibali."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Bernadina aliendelea kutembea. Yule kijana alinyoosha mkono amzuie, kisha akauona mkufu wa ngozi ya kondoo ambao mjane huvishwa siku ya msiba. Akaurudisha mkono haraka na kuupangusa kwenye suruali, ingawa haukuwa umegusa kitu.

"Ni wa metimani," alimwambia mwenzake.

"Mshike basi!"

"Mshike wewe."

Wenzao walikuwa wamewafukuza polisi na gari lao. Hawa walirudi nyuma hatua mbili kila mmoja, mpaka kwenye miiba, wakampisha. Bernadina aliinama akapita chini ya gogo, akajinyoosha na kushika njia.

"Mama, rudi!" aliitwa. "Mama, tutapiga filimbi! Tuna amri!"

Hakugeuka. Njia ilipanda, na msitu ulikuwa mbele kama hatua mia mbili. Kumgusa hawawezi, hilo alilijua. Lakini mshale hauhitaji mkono wa mtu kumgusa mtu, na hilo pia alilijua. Alitembea mwendo ule ule wa kwenda kisimani, bila kukimbia, akihesabu pumzi zake, na mgongo wake wote ulikuwa ukisikiliza.